Kilo zilizokuja kwa kijiko zitaondoka kwa kijiko

Fundi wangu wa nguo ana daftari analolihifadhi kwenye droo ya cherehani. Kila mteja ana ukurasa wake humo: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mwaka jana nilimpelekea kitenge cha sare ya harusi ya binamu yangu. Akanipima, akaandika, kisha akakaa kimya akilinganisha namba ya juu na ya chini.

"Dada," akasema taratibu, kama mtu anayechagua maneno, "miaka mitatu iliyopita kiuno chako nilikiandika inchi 34. Leo ni 38. Sasa hapa pembeni nikuachie akiba kiasi gani?"

Akiba aliyokuwa akiizungumzia ni kile kitambaa kinachokunjwa ndani ya mshono, ili nguo ikibana siku za mbele ifumuliwe na kupanuliwa. Niliporudi nyumbani nilifungua kabati, nikageuza magauni yangu ndani nje. Karibu yote yalikuwa yameshafumuliwa. Miaka mitatu nilikuwa nikila akiba ya kitambaa, na sikuwahi kujiuliza inakwenda wapi.

Inchi nne hazikuingia kwa siku moja. Hakuna karamu wala sikukuu ninayoweza kuinyooshea kidole. Ziliingia kwa kijiko kimoja zaidi cha sukari, andazi la pili, bodaboda ya safari fupi, na sahani ya saa nne usiku. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hiyo hutumika kumwonya mtu asiyeangalia anachotumia, lakini mimi nimeiona ina habari njema pia. Kama kidogo kidogo kinamaliza buyu zima, basi kidogo kidogo kinaweza kumaliza na kilo.

Umenawiri, umekonda

Kwetu si rahisi kulizungumza jambo hili. Mtu akiongezeka uzito anaambiwa amenawiri, ndoa imemkubali, mjini kunalipa. Akipungua anaulizwa kwa sauti ya chini, "Mwenzetu, unaumwa?" Swali hilo lina historia. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata, kabla dawa hazijafika, tuliwaona ndugu zetu wakipukutika hadi kubaki mifupa. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa wenyewe ulipewa jina la Slim, kwa sababu ya ule wembamba. Jamii iliyozika kiasi kile ina haki ya kuogopa kukonda.

Lakini hofu hiyo sasa inatuficha hatari nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Pamoja nao vinakuja kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, magonjwa ambayo zamani tuliyaita ya wakubwa na leo yanapanga foleni katika kliniki za kata.

Kujipima hakuhitaji mashine. Chukua uzi wenye urefu sawa na wako, kuanzia kisiginoni hadi utosini. Ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi, na hayo ndiyo mabaya zaidi kwa kuwa hukaa karibu na ini na viungo vingine vya ndani. Mwenye mizani naye agawanye kilo zake kwa urefu wake kwa mita, kisha jibu aligawanye tena kwa urefu uleule. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo. Mimi nilikuwa na kilo 78 kwa urefu wa mita 1.6. Jibu langu lilipita 30. Uzi wangu haukukutana.

Kilichonipa moyo ni kujua kwamba sikuhitaji kurudi kuwa msichana wa miaka ishirini. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanakaribia kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea kwa haraka au kufanya mazoezi mengine ya kadiri kwa dakika 150 kwa wiki. Ndani yake, wagonjwa wapya wa kisukari walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliomeza dawa ya metformin walipata asilimia 31. Kutembea na kula kwa kiasi viliishinda dawa. Mimi nilianza na lengo dogo zaidi: kwa mwili wangu, asilimia 5 ni kilo nne. Nikajiwekea kilo nne.

Hesabu ya kikombe cha chai

Nilianza na chai, kwa sababu ndiyo ninayoikuta kila ninapogeuka: ya asubuhi, ya saa nne kazini, ya jioni. Kila kikombe nilikitia vijiko vitatu vya sukari. Kijiko kidogo cha chai hubeba takriban gramu 4, kwa hiyo vijiko vyangu tisa vilikuwa gramu 36 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25. Nilikuwa nimeuvuka mpaka huo kwa chai peke yake, kabla sijagusa soda wala juisi.

Sikuikata sukari yote. Nilipunguza nusu kijiko, nikakaa hapo wiki mbili, nikapunguza nusu nyingine. Mahali pa sukari nikaongeza harufu: tangawizi, iliki, mchaichai, mdalasini. Ulimi ni mwanafunzi mzuri ukiufundisha bila kuuchapa. Mwezi wa tatu nilikunywa chai ya vijiko vitatu ugenini, ikanishinda. Nilikuwa nimefika kijiko kimoja kwa kikombe, yaani pungufu ya vijiko sita kwa siku, sawa na kalori 96. Kwa mwaka mzima ni kalori 35,000. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba karibu kalori 7,700. Mwili hautii hesabu kama kikokotoo, kwa sababu kadiri unavyopungua ndivyo unavyotumia nishati kidogo, lakini mwelekeo uko wazi.

Chai ina rafiki yake, kitafunwa. Andazi, kitumbua, chapati na sambusa vyote vimepitia mafuta. Sikuviaga, nimevipa Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi nachemsha magimbi, viazi vitamu au muhogo, vitu ambavyo bibi zetu walivinywea chai miaka yote bila kusumbuliwa na uzi kiunoni. Soda nimeiacha kwa sherehe. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ya vijiko kama tisa, na haishibishi. Juisi ya matunda nayo, hata ya kukamua nyumbani, huacha nyuma nyuzinyuzi zinazolifanya tunda lishibishe. Ni heri kipande cha papai.

Chupa ya mafuta na sahani

Jikoni kwetu mafuta yalikuwa yakimiminwa kutoka chupani moja kwa moja, mkono ukikadiria. Nikaandika tarehe kwenye chupa ya lita moja kila nilipoifungua. Iliisha kwa siku tano. Tuko watu watano. Lita moja ya mafuta ya kula ina zaidi ya kalori 8,000, kwa hiyo kila mmoja wetu, mtoto na mkubwa, alikuwa akinywa zaidi ya kalori 300 za mafuta kwa siku bila kuyaona.

Dawa yake ilikuwa kijiko cha chakula kilichofungwa kamba kwenye mdomo wa chupa. Vijiko viwili kwa mboga, vitatu kwa mchuzi, na hakuna kumimina. Vitunguu vikianza kushika sufuria, tia maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Siku mboga inapoungwa kwa nazi, mafuta hayaguswi, kwa kuwa tui lina mafuta yake. Leo lita hiyohiyo inafika siku ya kumi. Watoto hawakuona tofauti ya ladha, na mkoba wangu umeiona tofauti ya bei.

Kisha sahani. Tumezoea mlima wa ugali au wali na kidimbwi cha mboga pembeni. Nimeugeuza mpango huo: nusu ya sahani ni mchicha, matembele, kabichi au kachumbari, robo ni maharage, dagaa au samaki, robo iliyobaki ni ugali wa dona au wali. Nikiwa kazini namwambia mama lishe, "Mama, nipunguzie wali, niongezee mchicha na maharage." Mwanzoni alidhani nina deni la hela. Sasa ananipakulia bila kuuliza.

Jambo la mwisho la mezani ni mwendo. Taarifa ya shibe haifiki kichwani papo hapo. Inaweza kuchukua kama dakika 20. Anayemaliza sahani kwa dakika saba anaongeza ya pili kabla ya tumbo kupata nafasi ya kusema. Tule tukizungumza, simu ikiwa mbali.

Shuka ukatembee

Kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika 15. Kwa miaka mingi nililipia bodaboda, asubuhi na jioni. Siku nilipoamua kutembea, hesabu ilijipanga yenyewe: dakika 15 kwenda, 15 kurudi, siku tano za kazi. Jumla ni dakika 150, kiwango cha chini kilekile ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kila wiki. Sikuhitaji kiatu cha bei wala ada ya ukumbi wa mazoezi. Natembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba.

Wapo wanaovunjika moyo kwa kusikia kwamba ni lazima hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Ilianzia Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Faida huanza mapema zaidi, na anayetoka kwenye kukaa siku nzima ndiye anayevuna zaidi.

Lakini tusidanganyane kuhusu miguu pekee. Nusu saa ya mwendo wa haraka kwa mtu wa uzito wangu inachoma kama kalori 150, na chupa moja ya soda inazirudisha zote kwa dakika tano. Kutembea kunatunza moyo, misuli na usingizi. Kupungua kunaanzia jikoni. Vyote viwili vishikane mikono. Asiyependa kutembea peke yake anazo klabu za jogging zilizojaa mitaani kwetu, na tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais, nchi imekuwa na Jumamosi ya pili ya kila mwezi kama siku ya mazoezi. Kumbuka tu kwamba mwili unahesabu wiki nzima.

Usiku na njia za mkato

Usiku ndio ulionishinda kwa muda mrefu. Tulikuwa tukila saa nne, baada ya taarifa ya habari na tamthilia, kisha tukalala na shibe. Sasa chakula kinaiva saa moja na nusu, na baada ya hapo jiko limefungwa. Nalala saa nne, ili nipate usingizi wa saa saba. Usingizi haba huongeza kichocheo cha njaa na kupunguza cha shibe. Ndiyo maana aliyekesha huamka akitamani chapati, si tango.

Kuna lingine ambalo lazima niliseme kwa nguvu. Chai za kupunguza tumbo kwa siku saba na vidonge visivyo na jina vinavyopita mkononi maofisini, tuviache. Vingi vinaharisha tu. Kinachopungua ni maji, na yanarudi. Mwenye kisukari, mwenye dawa za presha, mjamzito na anayenyonyesha aonane na mhudumu wa afya kabla ya kubadili mlo. Na mtu anayepungua bila kutaka, asipongezwe. Aende hospitali mapema.

Daftari

Kilo nne zilinichukua miezi saba. Kulikuwa na mwezi ambao mizani haikusogea hata kidogo, na kulikuwa na Ramadhani, ambapo futari za majirani zilinirudishia nusu kilo. Sikuanza upya. Nilirudi kwenye kijiko kesho yake.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi na kitambaa kingine. Akatoa daftari, akazungusha futikamba, akaandika: inchi 36. Uzi wangu bado haukutani, na najua safari haijaisha. Yeye aliiangalia namba ile, akaweka kalamu chini.

"Dada, na hii akiba nikuachie?"

"Niachie," nikamwambia. "Ila upande wa kupunguzia."

Alicheka, kisha akaniambia kwamba upande huo hauhitaji akiba: nguo ikipwaya, anaingiza mshono ndani tu. Ni kazi ya dakika kumi.