MJI WA LAMU NA ADABU ZA KUUZURU

Watu wengi wa bara wamesikia habari za Lamu, lakini waliofika ni wachache, na katika hao wachache wako walioona mawe tu, wakarudi makwao wakidhani wameuona mji. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze kwa ufupi Lamu ni mji wa namna gani, dini na desturi zake zina nafasi gani, na mgeni impasavyo kuingia. Neno tunalotaka msomaji alishike ni moja. Lamu haikudumu hata leo kwa nguvu za mawe yake, bali kwa sababu watu wake wamekaa humo na kushika desturi zao. Basi kila mgeni aendaye huko ama husaidia kuusimamisha mji, ama husaidia kuubomoa.

Lamu ni kisiwa cha Kenya, kaskazini ya Mombasa. Mwenye kwenda kwa njia ya nchi kavu hupita Malindi, husafiri zaidi ya kilomita 300 tangu Mombasa, kisha hufika Mokowe penye gati, na hapo hupanda chombo kuvuka maji. Mwenye kwenda kwa ndege hushuka kisiwa cha Manda kinachoelekeana na mji, naye pia huvuka kwa chombo. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, kwa kuwa katika miji ya kale ya Waswahili ndio uliohifadhika vizuri kuliko yote, na watu wangali wakikaa ndani yake.

Mji huu ni wa karne nyingi. Watu wake walikuwa mabaharia na wafanyi biashara. Waliuza pembe za ndovu, boriti za mikoko na bidhaa nyingine, wakapokea nguo na vyombo kutoka Arabuni, Bara Hindi na Uchina. Yapata mwaka 1812 au 1813 watu wa Pate, pamoja na Wamazrui wa Mombasa, walikuja kuupiga mji, nao wakashindwa vibaya katika ufuo wa Shela. Baada ya vita hivyo watu wa Lamu walitaka hifadhi ya Sayyid Said wa Oman. Ngome kubwa iliyo katikati ya mji ilijengwa zamani hizo, nayo ikamalizika mwaka 1821. Baadaye ilifanywa gereza hata mwaka 1984, kisha ikakabidhiwa idara ya makumbusho ya Kenya. Na siku hizi mahali pale palipofungiwa watu huingia watoto wa shule kujifunza.

Mgeni akiingia mjini hustaajabia kwanza njia zake. Ni nyembamba sana, na nyumba ndefu za pande mbili huzitia kivuli mchana kutwa. Njia hizo hazikufanywa kwa ajili ya magari. Mizigo huchukuliwa na punda na mikokoteni, na tangu mwaka 1987 iko hospitali ya punda mjini. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye majumba mengi ya mawe, na upande wa kusini ni Langoni.

Nyumba zenyewe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Boriti haziwi ndefu, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Mlangoni huwa na daka na baraza za mawe, mahali pa kuwakaribisha watu wasio wa nyumbani. Ndani huwa na kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho chumba cha ndani kabisa, ambacho mara nyingi ukuta wake una zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa. Msomaji na aangalie mpango huu: kadiri mtu aingiavyo ndivyo mahali panavyozidi kuwa pa faragha. Nyumba yenyewe hufundisha adabu. Mgeni asiyejulikana hukoma barazani, jamaa huingia zaidi, na wanawake wa nyumba wana mahali pao pasipotazamwa na kila apitaye. Milango ya mbao pia ni sifa ya mji. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri na mtunga mashairi, yote kwa mtu mmoja.

Lakini nyumba ya chokaa ni kama mgonjwa anayetaka kuuguzwa kila mwaka. Dari ikiachwa bila kutengenezwa, mvua hupenya. Maji yakipenya, boriti huoza. Boriti zikioza, dari huanguka, na kuta nazo hufuata. Anayetaka ushahidi na avuke maji aende Takwa katika kisiwa cha Manda. Ulikuwa mji wenye msikiti wa ijumaa, ukahamwa katika karne ya 17, na leo ni magofu. Hata hivyo watu wa Shela huenda huko kusali na kuomba mvua. Matumbawe ya Takwa na ya Lamu ni ya namna moja; tofauti yake ni kwamba huku wako watu wa kupaka chokaa, na kule hawako.

Sasa tuseme habari za dini. Watu wa Lamu wengi ni Waislamu, na mjini mna misikiti zaidi ya 20. Ulio na sifa kubwa ni Riyadha, katika Langoni, uliojengwa karibu na mwaka 1900 na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Hadhramaut aliyetoka visiwa vya Ngazija. Zamani zile elimu kubwa ya dini ilikuwa zaidi mikononi mwa watu wa jamaa kubwa. Habib Swaleh aliwafundisha hata watumwa na watu wa hali ya chini, akaacha matwari yapigwe katika kumsifu Mtume. Wakubwa wengine walichukizwa, lakini wanafunzi walizidi. Yeye alifariki, lakini Riyadha ingali ikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika ya Mashariki.

Kwa sababu hiyo Maulidi ya Lamu ni makubwa. Husomwa katika mwezi wa Mfungo Sita, na siku kuu zake huwa mwishoni mwa mwezi. Wageni huja kutoka pwani yote, na wengine kutoka ng'ambo. Husomwa maulidi, huchezwa goma na uta, hufanywa zefe, na watu huenda kuzuru kaburi la Habib Swaleh. Pia hufanyika mashindano ya mbio za punda, ya majahazi na ya kuandika hati za Kiarabu.

Adabu za mgeni si nyingi, nazo ni hizi:

Kwanza, asalimu. Akipita mbele ya baraza iliyo na wazee, asipite kama apitaye penye miti.

Pili, avae nguo za heshima, mwanamume na mwanamke. Mavazi ya pwani ya kuogelea yasiingie mjini.

Tatu, asiingie msikitini bila kuomba ruhusa. Akipewa ruhusa avue viatu, wala asipite mbele ya mtu anayesali.

Nne, asipige picha ya mtu, hasa mwanamke, mpaka amepata idhini yake.

Tano, mwezi wa Ramadhani asile wala kunywa njiani mchana.

Sita, apigapo hodi, asiingie mpaka aitikiwe karibu. Hodi tatu zisipojibiwa, arudi.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo madogo. Sivyo. Wageni wameleta faida Lamu: seremala wa milango, mwashi wa chokaa na nahodha wamepata kazi kwa ajili yao. Lakini pia baadhi ya nyumba za kale zimenunuliwa na watu wa nchi za mbali, na nyingine hukaa tupu miezi mingi. Mwenyeji aliyeuza hupata fedha mara moja, kisha huenda kujenga nje ya mji, na mtaa hupungukiwa jirani mmoja. Tena tangu mwaka 2021 bandari mpya imefunguliwa bara, karibu na Lamu, na watu watakuja wengi zaidi. Mji ambao wenyeji wake hawaoni tena raha kukaa barazani kwao watauhama polepole, na wakisha kuuhama, chokaa haitapakwa kwa moyo ule ule. Ndiyo maana twasema salamu ya mgeni ni sehemu ya matengenezo ya ukuta.

Walimu wanaoweza kuwapeleka wanafunzi huko wasingoje kufika ndipo wawafundishe adabu hizi. Wawafundishe darasani kwanza. Na machifu na wazee wa bara wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wa pwani peke yao. Kila wilaya ina mahali pake pa heshima: kaburi la mkubwa, mti wa tambiko, msikiti au kanisa la kwanza. Mahali hapo hudumu maadamu wako watu wanaopajua na kupatunza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, mgeni njoo, mwenyeji ahame.