Unahamia Kompyuta Mpya? Usiuze Diski ya Zamani na Siri za Wateja

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama una duka au kazi ya uwakala Mwingi, Kitui mjini, Wote au Emali, huenda sasa unanunua kompyuta nyingine.

Fundi anaweza kukuambia, "Tutoe tu hii diski tuiweke kwa mpya." Wakati mwingine inakubali. Wakati mwingine inagoma kuwaka, kwa sababu Windows ile imezoea vifaa vya mashine ya zamani. Leseni iliyokuja na mashine pia kwa kawaida haihami.

Tunakushauri hivi: acha Windows ya mashine mpya, hamisha faili pekee. Nakili rekodi za mauzo na madeni kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye kompyuta mpya uone kama ziko sawa.

Kabla ya kuuza ile ya zamani, kumbuka ina nambari za vitambulisho vya wateja na nywila zako. Kufuta faili tu hakutoshi, zinaweza kurudishwa. Diski yote ifutwe kwa programu maalum ukiwa hapo, au itoe ubaki nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ulinde taarifa za wateja.

Na PIN? Fundi haihitaji, hata kama ni jirani yako.