Bodi Zigombanapo, Waumiao ni Wana



Kila ufikapo msimu wa wakaguzi kuzuru shule zetu, sisi tulio katika kamati hushikwa na homa. Kuta hupakwa chokaa, vyoo huoshwa kama vinavyooshwa mara moja kwa mwaka, na madaftari yaliyolala kabatini hupanguswa vumbi. Juma hili tumeonelea tuwasimulie habari ya mbali, ya watu waliopatwa na homa kama hiyo wakachelewa kutafuta dawa. Kisha turudi nyumbani tujitazame.

Kusini mwa mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, iko Kaunti ya Clayton. Msafiri ashukaye katika uwanja mkubwa wa ndege wa Atlanta aghalabu huwa ameikanyaga ardhi ya kaunti hiyo bila kujua. Mwaka 2008 shule zake za umma zilikuwa na wanafunzi wapatao 50,000, wengi wao wakiwa Waamerika Weusi. Shule zote hizo zilisimamiwa na bodi moja ya watu tisa waliochaguliwa kwa kura.

Yafaa kwanza tueleze ithibati ni nini. Huko Marekani, kazi ya kutoa ithibati kwamba shule inastahili kuitwa shule haifanywi na serikali kuu. Hufanywa zaidi na jumuiya za kielimu zilizo huru, na baadhi ya majimbo yana utaratibu wake pia. Katika majimbo ya kusini, jumuiya iliyojulikana sana kwa kazi hiyo ni ile iliyoasisiwa Atlanta mwaka 1895, iitwayo kwa kifupi SACS. Shule ikiwa na ithibati, cheti chake hupokewa vyuoni bila maswali. Ikiinyang'anywa, mwanafunzi aliyesoma kwa bidii miaka kumi na miwili huenda akasimama mlangoni pa chuo kikuu na karatasi inayotiliwa shaka.

Ithibati hiyo haitolewi mara moja ikawa ya milele. Kila baada ya miaka kadhaa wilaya ya shule hutakiwa kujipima yenyewe kwanza: iandike inafanya nini vyema, inakosea wapi, na ilete ushahidi wa kila neno. Ndipo lije jopo la walimu na wasimamizi kutoka kwingineko. Jopo huingia madarasani, huwahoji walimu, wazazi na wanafunzi, na hulinganisha yaliyoandikwa na yanayoonekana. Hapo ndipo uwongo hujifichua, kwani mtoto wa darasa la nne hajui bodi imeandika nini.

Huko Clayton, mwanzoni mwa mwaka 2008 wachunguzi walitoa ripoti nzito. Lawama yake kubwa haikuwaangukia walimu wala watoto. Iliwaangukia wazee wa bodi, waliokuwa wakivutana wao kwa wao, wakiingilia kazi za watendaji na kuyaweka mbele maslahi yasiyokuwa ya wanafunzi. Jumuiya iliwapa masharti tisa na muda hadi tarehe 1 Septemba. Miongoni mwake yalikuwemo haya: iwepo bodi inayoweza kutekeleza wajibu wake, wazuiwe watu wa nje wanaovuruga kazi za shule, iwekwe na ifuatwe kanuni ya maadili, hesabu za fedha zikaguliwe kwa kina, kumbukumbu za mahudhurio ya wanafunzi zihakikiwe, na aajiriwe msimamizi mkuu wa kudumu mwenye uzoefu.

Tazameni, ndugu zetu. Katika hayo hakuna lililohitaji majengo mapya wala mashine za gharama. Mengi yalihitaji watu tisa kuketi pamoja na kumwogopa Mola wao kwa amana waliyopewa.

Hawakuweza. Tarehe 28 Agosti 2008 ilitangazwa kwamba ni sharti moja tu kati ya tisa lililotimizwa, na ithibati ikaondolewa. Siku hiyo hiyo gavana wa jimbo, Sonny Perdue, akawafuta kazi wajumbe wanne wa bodi. Magazeti ya wakati ule yaliandika kuwa jambo kama hilo halikuwa limetokea nchini humo kwa karibu miaka 40. Maelfu ya wanafunzi waliondoka. Wazee wenye uwezo waliwahamishia wana wao kaunti za jirani, na wasio na uwezo wakabaki wakihesabu siku. Waliokuwa katika mwaka wa mwisho walisoma bila kujua kama vyeti vyao vitakuwa na thamani.

Alhamdulillahi, jambo hilo halikuishia hapo. Bodi ilipata wajumbe wapya, masharti yakaanza kufanyiwa kazi, na tarehe 1 Mei 2009 ithibati ikarudishwa, ingawa kwa kipindi cha uangalizi. Lakini funzo halikuwafikia majirani wote. Mwishoni mwa mwaka 2012, Kaunti ya DeKalb, iliyo papo hapo karibu na Atlanta na yenye wanafunzi karibu 100,000, iliwekwa chini ya uangalizi kwa sababu zinazofanana na hizo, na mwaka 2013 gavana mwingine, Nathan Deal, akawaondoa wajumbe sita wa bodi yake.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Nasi tusiwacheke watu wa Clayton, kwani tembo wako hata kwetu.

Tunaungama mbele yenu jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kamati ya shule moja ya hapa Pwani, ambayo hatutaitaja. Tulipopata habari kwamba maafisa wa ubora na viwango kutoka wizarani watakuja, tuliketi usiku, sisi na wenzetu, tukajaza daftari la mahudhurio la muhula mzima. Kalamu ilikuwa moja, mwandiko mmoja, na watoto wote walikuwepo kila siku. Kesho yake afisa alilifungua daftari, akaita jina la mtoto mmoja. Darasa likanyamaza. Kisha kijana mdogo wa mstari wa mbele akajibu kwa adabu, "Mwalimu, huyo walihamia Lamu zamani."

Afisa hakutugombeza. Alilifunga daftari taratibu akatutazama, nasi tukainamisha macho mbele ya watoto tunaowafundisha kila jioni kwamba uwongo ni haramu. Aibu ile hatujaisahau, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe. Tulipojiuliza baadaye kwa nini daftari lilikuwa tupu, jawabu lilikuwa lile lile la Clayton: kwa mihula miwili tulikuwa tukigombania nani awe mwenyekiti, hata hakuna aliyeuliza nani yuko darasani.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imezipa shule zetu za umma bodi za usimamizi, ambamo wamo wawakilishi wa wazazi na wa wadhamini. Shule zetu za binafsi na vyuo vyetu vya Qur'ani navyo vina kamati zake. Cheo humo ni amana, na mwenye amana ataulizwa, kwanza na mkaguzi, kisha na Asiyehitaji daftari.

Basi tunawanasihi wazazi wenzetu. Msingoje wakaguzi. Nendeni shuleni siku ya kawaida, mwombe kwa heshima kuona mambo manne: daftari la mahudhurio la wiki hiyo, kumbukumbu za kikao cha mwisho cha kamati, hesabu ya karo iliyokusanywa na ilivyotumika, na vyoo vya watoto. Shule iliyo tayari kwa mzazi siku ya Jumanne haina haja ya kuwa na homa mkaguzi ajapo.

Nanyi wazee wa kamati, mkihitilafiana, na kuhitilafiana ni ada ya wanadamu, hitilafianeni ndani ya kikao, mwafikiane kwa shura, kisha mtoke na neno moja. Asiyeweza hayo na akae kando kwa heshima yake. Kukaa kando si fedheha. Fedheha ni mtoto kusimama na kuwasahihisha wazee wake.

Mola atujaalie kuwa wachungaji wema wa wana wetu, na azitie baraka shule zetu. Amin.