Fahamu: Kinachofanya karafuu inukie na kutia ganzi

Minya kichwa cha karafuu kavu kwa ukucha, kidole kitabaki na mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, ni kemikali moja tu: eujenoli. Ndiyo inayobeba harufu, na ndiyo inayotuliza jino linalouma, kwa kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke taarifa za maumivu. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Kisiwani Pemba hata makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayatupwi, nayo hukenekwa kwa mvuke ili kupata mafuta. Hapa kuna jambo la kupendeza sana: eujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254 za Selsiasi, lakini ikiwa pamoja na mvuke wa maji hupaa kabla ya kufika 100. Mvuke ukipozwa, mafuta huzama chini ya maji, wakati mafuta ya mchaichai huelea.

Asilia si lazima iwe salama. Mafuta haya yakinywewa na mtoto, hata kidogo, yanaweza kumharibia ini. Ikitokea, usimtapishe, mkimbize hospitali.