Karanga na Mayai kwa Mtoto Aliye Katika Hatari ya Mzio

Wazazi wengi huchelewesha karanga na mayai wakiamini kwamba wanamkinga mtoto na mzio. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kinyume: watoto wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai walipopewa karanga mapema, wachache sana walipata mzio wa karanga kuliko wale walionyimwa.

Vyakula hivi vianze mtoto afikapo miezi 6 hivi. Ikiwa ana pumu ya ngozi au amekwisha kupata mzio wa chakula chochote, muone daktari kwanza. Nchini Uingereza, mkalimani wa NHS hutolewa bila malipo.

Changanya robo ya kijiko cha chai cha karanga zilizosagwa laini katika uji. Yai lililoiva kabisa lisubiri siku nyingine. Mpe chakula kipya mchana, akiwa mzima wa afya. Kikimpatana, aendelee kukila kila wiki. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka 5, kwani zaweza kumpalia.

Akivimba ulimi, akipumua kwa shida au akilegea ghafla, piga simu 999 mara moja.