UZI: Lori la magogo ni moja, maswali ya sheria ni matatu

1/ Kuna picha moja inayorudi kila msimu wa siasa. Lori na trela, magogo yamepangwa hadi juu, na mtu ameandika: "Misitu inaibwa mchana kweupe!" Chini yake mwingine anajibu: "Wacheni watu watafute riziki." Watu wanatukanana siku mbili, halafu tunasahau. Hakuna aliyeuliza lori lile lilitakiwa kuwa na nini. Leo tuulize.

2/ Mimi nasomea sayansi ya siasa, si mtaalamu wa misitu. Lakini nimekulia Nyandarua. Mwaka juzi shosho aliuza saiprasi alizopanda na marehemu guka, apate karo ya binamu yangu. Broka alitaja bei nzuri, kisha akakata kipande kikubwa akisema ni "pesa ya barabara". Shosho aliuliza ni pesa gani hiyo. Akaambiwa, "Mama, ni mambo ya makaratasi." Basi nikaenda kuyatafuta hayo makaratasi.

3/ Nilichogundua ni hiki: lori la magogo linajibu maswali matatu tofauti. Mti umetoka wapi? Mzigo una uzito gani? Gari na dereva wanafaa kuwa barabarani? Kila swali lina sheria yake na ofisi yake. Na jibu la swali moja halijibu lingine. Hapo ndipo mijadala yetu mingi hupotea.

4/ SWALI LA KWANZA: mti umetoka wapi?
Sheria kuu ni ile ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kwa msitu wa umma, huwezi kukata wala kuondoa mti bila leseni au kibali. Ukipatikana na hatia, faini haipungui shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Anayesimamia misitu hiyo ya umma ni Shirika la Huduma za Misitu, KFS.

5/ Tuseme mti umekatwa kihalali. Bado haujaruhusiwa kusafiri. Unahitaji hati ya kuonyesha asili yake na kibali cha kuusafirisha. Hivyo ndivyo vinavyounganisha kisiki kilichobaki kule na gogo lililo juu ya lori: aina ya mti, kiasi, gari gani, kutoka wapi kwenda wapi. Kibali cha lori moja hakisafirishi mzigo wa lori lingine, na cha wiki iliyopita hakifufuki leo.

6/ "Lakini miti ya shosho iko shambani kwake!" Ni kweli, ni mali yake. Shida ni kwamba saiprasi ya shambani na saiprasi ya msitu wa serikali zikishalazwa kwenye trela zinafanana kama mapacha. Askari aliye barabarani hawezi kuzitofautisha kwa macho. Ndiyo maana hata mkulima anaombwa karatasi. Karatasi hiyo inamlinda yeye pia, kwa sababu bila hiyo mti wake unaonekana kama wa wizi.

7/ Sasa siasa yake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilianza kama miezi mitatu, ikaongezwa tena na tena. Julai 2023 ikatangazwa kwamba marufuku imeondolewa, na watu wakaenda mahakamani kupinga. Wengine wakasema mito inakauka. Wengine wakasema miji kama Elburgon na Molo inakufa, maana viwanda vya mbao ndivyo viliwalisha. Wote wawili walikuwa na hoja.

8/ Lakini angalia: marufuku ile haikuwa ya mashamba ya watu binafsi. Kwa hivyo ukiona picha ya lori la magogo, hata ya wakati ule, picha peke yake haithibitishi wizi. Na haithibitishi uhalali pia. Kinachothibitisha ni karatasi, na karatasi haionekani kwenye picha.

9/ SWALI LA PILI: mzigo una uzito gani?
Hapa tunaondoka msituni, tunaingia kwa barabara. Kenya inafuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. Magari ya mizigo ya kuanzia tani 3.5 hupimwa kwenye mizani. Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, na mizani kama za Gilgil, Mariakani na Webuye mnazijua, hasa ile foleni yake.

10/ Mizani haipimi jumla tu. Inapima kila ekseli. Ekseli ya mbele ya usukani: tani 8. Ekseli moja yenye matairi mawili kila upande: tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana: tani 18. Tatu zilizofuatana: tani 24. Kwa hivyo lori la ekseli tatu, moja mbele na mbili nyuma, ni 8 + 18 = tani 26, pamoja na uzito wa lori lenyewe.

11/ Ukifunga trela, hesabu inapanda lakini ina dari. Lori na trela lenye ekseli saba au zaidi halipiti tani 56, hata kama ekseli zake ukizijumlisha moja moja zinazidi hapo. Tuseme lori na trela tupu ni tani 18. Mzigo unaobaki ni tani 38, basi. Ukizidisha, unatozwa ada (inahesabiwa kwa dola, si shilingi!) na mzigo uliozidi unashushwa au kupangwa upya kabla gari liendelee.

12/ Magogo yana mtego wake. Saruji ina uzito ulioandikwa kwenye mfuko. Gogo halina. Gogo bichi limejaa maji. Likikaa likakauka, linapungua uzito sana. Trela mbili zilizojaa hadi alama ileile zinaweza kutofautiana tani kadhaa. Na msituni hakuna mizani. Kwa hivyo dereva anaweza kuzidisha bila kukusudia. Wengine, bila shaka, hukusudia.

13/ "Tani mbili tu, zitafanya nini?" Wahandisi wa barabara wana kanuni: uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito, unakaribia uzito ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikibeba tani 12, imezidi kwa asilimia 20 tu, lakini uharibifu unakaribia mara mbili. Mwenye lori anapata faida ya tani mbili. Mashimo tunayalipia sisi sote.

14/ SWALI LA TATU: gari na dereva wanafaa?
Hili ni la Sheria ya Trafiki, NTSA na polisi. Dereva wa lori lenye trela anahitaji leseni ya daraja CE. Leseni ya gari dogo haimfikishi hapo. Gari la biashara linakaguliwa kila mwaka, linakuwa na bima, na lori zito lina kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa.

15/ Trela nayo ni gari kisheria! Ina usajili wake na nambari yake, ile inayoanza na Z. Nambari ya lori haiifuniki. Trela isiyo na taa za nyuma wala viakisi mwanga ni kaburi linalosubiri mtu wa bodaboda saa mbili usiku.

16/ Kisha kufunga mzigo. Gogo ni duara, na duara hutaka kubingirika. Linahitaji vyuma vya pembeni vilivyosimama imara na minyororo iliyokazwa, na inafaa kukazwa tena baada ya mwendo kidogo kwa sababu magogo hujipanga upya njiani. Likitokeza sana nyuma, liwekwe alama nyekundu: kitambaa mchana, taa usiku. Nani amewahi kufuata lori la magogo kwenye mteremko akalala salama usiku huo? Si mimi.

17/ Sasa unganisha. Lori linaweza kuwa na kibali safi cha msitu na bado lizidi tani sita. Linaweza kupita mizani vizuri na bado limebeba mti wa wizi. Linaweza kuwa sawa kote kuwili huku dereva hana leseni ya trela. Anayekwambia "lilikuwa halali, lilipita mizani" amejibu swali moja kati ya matatu.

18/ Kuna la nne ambalo si la usalama, ni la pesa: ushuru wa kaunti, tunaouita sesi. Lori likivuka kaunti kadhaa, kila moja inanyoosha mkono. Kaunti zina haki ya kutafuta mapato, lakini Katiba, kifungu cha 209(5), inasema mamlaka yao ya kutoza yasiumize shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti wala usafirishaji wa bidhaa kitaifa. Ukimsikia mgombea wa ugavana akiahidi kuongeza mapato kwa vizuizi vya barabarani, mkumbushe kifungu hicho.

19/ Turudi kwa shosho. Ile "pesa ya barabara" ilikuwa mchanganyiko. Sehemu ni ada za halali: kibali, sesi. Sehemu ni za kumnyamazisha mtu fulani kando ya barabara usiku. Tofauti kati ya hizo mbili ni risiti. Na zote mbili hakuzilipa broka wala mwenye lori. Zilikatwa kwa bei ya mkulima aliyengoja miti ikue zaidi ya miaka ishirini.

20/ Kwa hivyo mimi sikubaliani na anayesema "ondoeni vizuizi vyote". Bila swali la kwanza msitu unaisha, bila la pili barabara inaisha, bila la tatu watu wanaisha. Lakini sikubaliani pia na anayesema "ongezeni vizuizi". Kila mahali lori linaposimamishwa bila sababu iliyoandikwa ni mahali pa kuuzia hongo.

21/ Mgombea akija kwenu na hoja ya magogo, muulize mambo mawili. Katika hayo maswali matatu, unataka kubadilisha jibu la lipi? Na mkulima mwenye miti thelathini atapata kibali chake wapi, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi, na risiti? Akianza kupiga kelele kuhusu wapinzani wake, umeshapata jibu.

22/ Shosho amepanda miche mingine. Anasema hiyo ni ya wajukuu wa wajukuu. Nami nilimwachia ushauri mmoja: safari ijayo, broka akitaja pesa ya barabara, aseme, "Niandikie moja moja." Tuonane uzi ujao. Semeni mnataka tuchambue nini.