PAKITI INASEMA NINI? ULIZA KABLA YA KUTOKA ZAHANATI



Maandishi mengi kwenye pakiti za dawa ni ya Kifaransa au Kiingereza. Sisi nyumbani tunasema Kiswahili, Kirundi, Kifuliiru, Kibembe. Ndiyo maana siku hizi waelimishaji hawakupi karatasi tu. Wanakuonyesha picha, kisha wanakuomba urudie kwa maneno yako jinsi utakavyotumia dawa. Usione wanakupima akili. Wanapima kama wao wameeleza vizuri.

Chukua pakiti ya SRO ya kuharisha. Imeandikwa lita 1. Lakini nani ana chombo cha lita nyumbani? Wengi tunashika chupa ya Primus, na chupa kubwa ya Primus ni sentilita 72, haifiki lita. Ukimimina pakiti nzima humo, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Ukiweka maji mengi mno, dawa inapoteza nguvu. Tumia chupa 2 za maji za nusu lita. Zijaze maji safi, mimina yote kwenye sufuria safi, tia pakiti moja, koroga. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine. Januari 2023, Burundi ilipotangaza kipindupindu, watu wa huku kando ya ziwa walikumbushwa kwamba mgonjwa anaweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache tu. Basi anza kumnywesha hapo hapo, hata mkiwa njiani kwenda zahanati.

Vidonge vya kusafisha maji navyo havifanani. Kuna cha bidoni ya lita 20 na kuna cha maji kidogo. Tazama namba, au mwonyeshe mhamasishaji. Maji ya tope chuja kwanza kwa kitambaa, kisha weka kidonge, ngoja dakika 30.

Sasa dawa ya malaria, ile ya artemether na lumefantrine. Pakiti nyingi zina picha ya jua na mwezi, jambo zuri kwa asiyesoma. Ila mimi naona picha hiyo haitoshi. Siku ya kwanza, dozi ya pili inafuata baada ya saa 8, si lazima mwezi uonekane. Aliyemeza saa 6 mchana atameza tena saa 2 usiku. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Jumla dozi 6, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Idadi ya vidonge kwa kila dozi inategemea kilo, kwa hiyo usimpe mdogo pakiti ya mkubwa.

Tena kuna hii ya saa. Muuguzi akiandika « 8 h », kwa Kifaransa ni saa 2 asubuhi yetu. Mwingine akisoma « saa nane » atangoja hadi mchana. Mwulize: asubuhi au mchana? Kabla au baada ya chakula?

Na mtoto akitapika dawa ya malaria kabla saa moja haijapita, rudi naye haraka apewe dozi nyingine. Usichukue ya kesho ukaitumia leo, maana mwishoni itapungua.